Bakuli Lisiloguswa na Maji

Noonkipa alikuwa amemwota yule samaki wa kwenye bakuli mara tatu. Kila mara alimkuta akielea hewani, midomo wazi, kama ndama aliyetengwa na mama yake. Alipoamka alimuuliza Mungu, "Bwana, huyu anataka nini kwangu?" Kisha akaenda kazini.

Kazi yake ilikuwa kufagia na kufuta vumbi katika chumba kidogo cha makumbusho pale Kilole, mjini Korogwe. Humo Mwalimu Josefina, Msambaa mstaafu mwenye miwani ya kamba, alitunza ngoma, majembe ya kale, na bakuli la Kichina lililofukuliwa shambani Kerenge. Lilikuwa zito, la kijivu, limechorwa kwa nje samaki wawili wa buluu, mmoja kila upande.

"Mama Lenku," Mwalimu alimwonya siku ya kwanza, "hili lisiguswe na maji. Hata tone."

Noonkipa alielewa papo hapo. Kwao Kang'ata, upande wa Handeni, alikokulia nyuma ya ng'ombe, chombo kisichoguswa na maji ni kimoja tu, kibuyu cha maziwa. Hicho husuguliwa ndani kwa kijinga cha mzeituni wa porini, moshi ukolee, maziwa yasiharibike. Baada ya ndoto ya tatu akajua: kumbe samaki alikuwa na kiu ya moshi.

Basi adhuhuri moja, Mwalimu alipokwenda ofisi ya wilaya, Noonkipa alichukua kijiti alichotoka nacho Kang'ata, akakiwasha kwenye jiko la chai barazani. Akalitoa bakuli kabatini, akalipakata. Akazungusha kijinga taratibu, akiimba chini chini wimbo wa kukamulia. Moshi ukajaa, ukafurika ukingoni, ukateremka juu ya samaki, naye akaanza kuogelea. Chumba kikatoweka. Noonkipa alikuwa msichana tena, ng'ombe wanaingia bomani, mama yake anamwita kwa jina la utotoni.

Ti.

Akashtuka. Akalifuta kwa upindo wa shuka, ndani na nje. Masizi yakatoka yote, isipokuwa uzi mmoja mweusi, mwembamba kama unywele, kutoka ukingoni hadi kwenye jicho la samaki. Ulikuwa ufa.

Alilirudisha kabatini akaligeuza, ufa ukaelekea ukutani. Mbele, yule samaki wa pili alikuwa safi kabisa. Mwaka mzima ungeweza kupita pasipo mtu kujua, na kazi hii ndiyo iliyowalisha wajukuu wake wawili. Akapiga magoti, lakini maombi hayakutoka. Kila alipofumba macho alimwona samaki akitazama ukuta.

Akasimama, akaligeuza tena.

"Nini kinanuka humu?" Mwalimu aliuliza kutoka mlangoni.

"Nimelifukiza bakuli, Mwalimu."

"Umelifukiza."

"Ulisema lisiguswe na maji."

Mwalimu akaketi kwanza. "Mama Lenku, nimefundisha miaka thelathini na miwili. Sijapata mwanafunzi msikivu kiasi hiki, na naomba nisipate mwingine."

Alilikagua kwa kioo cha kukuzia. "Huu ufa huenda ulikuwepo, umejificha. Huenda ni moto wako. Sijui."

"Nilisikia mlio."

"Basi na hilo tuliandike." Akafungua daftari ambamo yote yaliyokipata kila kifaa huandikwa. "Mti gani?"

"Oloirien. Mzeituni wa porini."

"Taja polepole, Kimaasai chako kinakimbia."

Noonkipa akataja polepole, kalamu ikimfuata.

"Ufunguo wa kabati utakaa kwangu," Mwalimu alisema. "Wewe na ufagio tu."

"Sawa, Mwalimu."

"Na kesho uje saa mbili, siyo saa mbili na nusu kama leo."

Noonkipa akashika ufagio, machozi yakimlenga, akimshukuru Mungu kimoyomoyo. Alipoinua macho, Mwalimu alikuwa bado hajafunga kabati. Alikuwa ameinama, pua ukingoni mwa bakuli, macho ameyafumba. Akakaa hivyo, kama mtu asiyetaka kuamshwa.