Ng'ombe Aliyenyimwa Kashe

Padri wa Luvungi ndiye aliyenibatiza jina la Sévère, na wanaojua Kifaransa husema padri yule aliona mbali, kwa maana jina lenyewe ni "mkali". Sibishi. Nikikanyagwa mguu natukana kwanza, ndipo naangalia nani kanikanyaga. Mke wangu Kankindi huniambia kila siku kwamba hasira hasara, nami humjibu kuwa hasara ninayo tayari, basi aniachie hasira. Kwa hiyo mkisikia nasimulia kwa sauti ya juu, msidhani tumegombana.

Mwaka ule wa hamsini na sita nilikuwa na meza ya nyama katika soko la Uvira. Ng'ombe niliwanunua kwa wafugaji wa Mulenge, nikawateremsha kwa miguu hadi tambarare, nikawachinja alfajiri kando ya mto Kalimabenge, na saa mbili nyama iko mezani. Baba yangu alinifundisha kumjua ng'ombe mzima: tazama jicho, gusa pua kama ina unyevu, angalia mavi, msukume uone anavyosimama. Basi. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, ndivyo nilivyowaambia wateja, na wao walicheka wakanunua.

Ikaja Pasaka. Anne-Marie, mama wa Kifuliiru aliyeongoza akina mama wa parokia yetu, alifanya karamu ya ubatizo wa mtoto wake wa mwisho, na nyama ya karamu ilitoka mezani kwangu. Kesho yake watu kumi na moja walikuwa wanatapika. Aliyezidiwa ni Élisabeth, binti yake wa miaka minane. Walimbeba kwa machela kupanda milima hadi hospitali ya Lemera, akalala huko wiki tatu, na wiki ya kwanza hakuna aliyejua kama atarudi.

Anne-Marie alipoteremka wiki hiyo hiyo alikuja moja kwa moja mezani kwangu, mchana, soko limejaa. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu kama nyama ile ilikuwa nzima. Mimi nikaapa. Niliapa kwa kaburi la baba yangu na kwa Bikira Maria, nikapiga meza hadi visu vikaruka, nikasema ilikuwa nzima, najua ilikuwa nzima, mwenye shaka na aende akaulize kwingine. Alinitazama kwa muda mrefu, kisha akaenda zake. Tangu siku hiyo hakuna mama wa parokia aliyesimama mezani kwangu, na wasio wa parokia wakafuata.

Ukweli nausema leo: sikujua. Ningejuaje? Nilikuwa nimetazama jicho na pua na mavi. Yaliyokuwa ndani ya ng'ombe yule Mungu ndiye aliyeyajua. Na kwa kuwa sikujua, ndiyo maana nilipiga kelele vile.

Mkuu wa soko akaniita. Akasema kwa upole kwamba meza isiyouza hadi sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni, katikati ya Agosti, itapewa mtu mwingine. Wenye kuingojea walikuwepo, niliwaona wakiipima kwa macho. Meza ile ndiyo ilikuwa shamba langu. Sina kazi nyingine niijuayo, na mwanamume anayechinja ng'ombe tangu utoto hafundishwi kushona suruali.

Wa kwanza kunijia na dawa alikuwa Modeste, karani aliyefukuzwa kazi, mwenye kalamu mbili mfukoni na ulimi wa asali. Alisema watu siku hizi wanapenda kuona kashe, yaani muhuri, na yeye anayo. Akaitoa. Alikuwa ameichonga kwa kisu kutoka soli ya kiatu cha mpira wa gari, herufi zake nzuri kabisa. Nikamuuliza kama ataikagua nyama kwanza. Akacheka.

"Weye unatafuta kukaguliwa, ao unatafuta kashe?" akaniuliza. "Yangu haijakataa mutu hata mumoja."

Alisema hivyo kwa majivuno, kama mtu anayeisifu bidhaa. Nami, nisiwafiche, nilikuwa nimeshanyoosha mkono. Kankindi ndiye aliyeuliza: Anne-Marie akirudi kuuliza juu ya nyama, nitamjibu nini, nitamwonyesha kiatu? Nikamfukuza Modeste kwa matusi ambayo hakuyastahili yote, maana nusu yalikuwa yangu.

Wa pili hakuja, Kankindi alimfuata. Alikuwa Déogratias, kijana Mrundi wa ng'ambo ya mto Ruzizi aliyesomea kazi ya kukagua wanyama na nyama, akafanya mitihani, akapewa diploma na kashe ya chuma yenye namba yake. Nyama iliyokwenda kwa Wazungu na kwenye meli haikupita bila yeye. Sisi wa soko la watu weusi tungeweza kumwita pia, kwa ada ndogo, lakini nani amwite? Mimi mwenyewe nilikuwa nikisema kwamba kijana anayejifunza ng'ombe kwenye kitabu atakamua kitabu.

Alikuja. Nilipomchinja ng'ombe aliyefuata, alikata ini, alikata mapafu, alipapasa tezi za shingo, akaandika kwenye daftari lake, kisha akapiga kashe: wino wa zambarau kwenye paja, kwenye bega, kwenye mbavu. Niliipeleka nyama sokoni kifua mbele kama bwana harusi. Na hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa.

Wanawake waliuona ule wino wakarudi nyuma. Mmoja alimvuta mwanawe mkono asiguse meza. Nilidhani ni uchawi wa Anne-Marie, nikaanza kufoka, mpaka kikongwe mmoja alipomnong'oneza Kankindi, akimwonea huruma, kwamba ingefaa tuikate ile sehemu iliyoandikwa kabla watu hawajaiona. Ndipo mke wangu akaelewa. Watu wazima wote wa tambarare waliwakumbuka waganga wa malale, ule ugonjwa wa usingizi. Walikuja vijijini, wakawapanga watu mstari, wakawapapasa shingo, na aliyeonekana ana ugonjwa aliandikwa kifuani kwa wino, akatengwa na wenzake. Kwetu wino mwilini ulikuwa na maana moja tu. Mimi nimelipa ada ili nyama yangu iandikwe kwamba ni gonjwa!

Nusu ya nyama ilirudi nyumbani tukaianika. Ng'ombe wa pili, hivyo hivyo. Nilitaka kuacha, nilitaka kumrudia Modeste, nilitaka kuhamia Usumbura, kila siku nilitaka jambo jipya. Kankindi akasema watu hawaogopi kashe, wanaogopa kwa sababu hawajaona inavyopigwa. Waitwe waone. Kwa kuwa wanawake walichota maji pale pale mtoni, haikuwa kazi kubwa. Akapita nyumba kwa nyumba, hata kwa Anne-Marie akapita.

Kwa siku ile tulikusanya kila tulichokuwa nacho, pamoja na vitenge vyake vya arusi, tukapata ng'ombe mmoja. Nilimleta mwenyewe kutoka Mulenge, mwendo wa siku tatu. Mnene, ngozi inang'aa, pembe ndefu za kupendeza, jicho safi kama la mtoto. Baba yangu angempa alama zote.

Jumamosi alfajiri wanawake kama thelathini walisimama ukingoni na mitungi yao. Anne-Marie alikuwa mbele, mikono amekunja. Nilichinja, nikachuna, nikampisha Déogratias. Alianza kichwani, akashuka shingoni. Nikamwona anakata tezi ya pili, ya tatu. Akafungua mapafu. Hata pale niliposimama niliona: vivimbe vya manjano, vigumu, vimejaa ndani kama maziwa yaliyoganda.

"Mukubwa," akaniambia, "huyu haendi sokoni. Iko kifua kikuu."

Nikamwambia akate mapafu ayatupe, apige kashe kwenye nyama iliyobaki. Hakunibishia. Alifungua tezi ya paja, akanionyesha: manjano yale yale. Ugonjwa ulikuwa umetembea mwili mzima.

Hapo nililipuka. Nilimtukana Déogratias, nikatukana shule yake, nikamtukana mama yake huko Bururi ambaye hajanikosea kitu. Nilimuuliza yeye ni nani hata aniue mimi na mke wangu mbele ya watu, ilhali nilimwita mwenyewe na ada nimelipa. Kijana alingoja. Alipangusa kisu chake mpaka nikaishiwa pumzi.

"Kashe hii si yangu, mukubwa," akasema. "Nimepewa niishike. Kila mwezi natuma vipande kwa wakubwa wangu Bukavu, nao wanaangalia kama nilikata sawasawa, kama niliona sawasawa. Hata minye ninapimwa. Nikiipiga hapa leo, zile zote nilizopiga zamani zitakuwa uongo."

Akaenda kuosha mikono. Na Modeste, sijui alitoka wapi, akawa mgongoni kwangu ananong'ona. Nyama ni nyekundu, alisema, haina harufu. Tuipakie tu, yeye apige yake, jioni iwe Luvungi, huko hakuna aliyeona. Kesho nina ng'ombe mwingine.

Mwenye njaa hana miiko. Nilitaka kukubali, nasema wazi. Niliitazama nyama ile, na kweli ilikuwa nzuri, mafuta yake meupe, ningemuuzia hata askofu. Nikainua macho ili nione kama kuna anayetusikia, yakakutana na ya Anne-Marie. Yeye hakuwa anamwangalia ng'ombe. Alikuwa ananiangalia mimi, vile vile kama siku ile mezani. Tofauti ilikuwa moja tu: safari hii nilijua.

Nikaomba jembe.

Nilichimba mwenyewe. Déogratias alivua shati akanisaidia, na sikumwomba radhi. Tulimtia shimoni ng'ombe mzima, na pembe zake, tukammwagia mafuta ya taa ili mbwa na walafi wasimfukue. Nililia, mtu mzima na ndevu zangu, nililia mbele ya wanawake thelathini na sikujificha. Vilikuwa vitenge vya arusi ya mke wangu nilivyokuwa nafukia.

Hakuna aliyeondoka. Maji yao walikuwa wameshachota zamani. Yule kikongwe wa sokoni alimsogelea Déogratias, akamuuliza mbona huyu hakuandikwa. Kijana akamjibu kwamba mgonjwa haandikwi, mgonjwa anafukiwa, anayeandikwa ni mzima. Kikongwe akafikiri. Halafu akawageukia wenzake akasema, kwa sauti ya mtu aliyepata kitu njiani, kumbe wenye wino ndio wazima. Neno hilo lilifika sokoni kabla yangu.

Lakini neno halichinjwi. Sikuwa na cha kuuza. Wiki mbili, tatu, meza ilikaa tupu, na watu walipita wakiniuliza lini nitakuwa na nyama ya wino, nikawajibu vibaya kwa sababu sikuwa na jibu. Agosti ikaingia. Ndipo Térence, kaka yake Kankindi, alipotuletea kutoka Luvungi beberu mmoja. Alisema amesikia shemeji yake amemzika ng'ombe, akataka kumwona mwenda wazimu huyo kwa macho yake.

Beberu mmoja, basi. Déogratias alimkagua kama anakagua kundi zima, akapiga kashe kwenye mapaja na mabega. Hapo nilimwomba radhi, kwa ajili yake na kwa ajili ya mama yake. Alisema mama yake amesikia mabaya zaidi kwa majirani.

Sokoni tulipofika watu walikuwa wameshapanga foleni. Na wa kwanza alikuwa Anne-Marie, ameshika mkono wa Élisabeth, mwembamba bado lakini amesimama kwa miguu yake. Nilikuwa nimepanga kusalimia tu na kupima nyama. Mdomo ukafanya yake.

"Mama Anne-Marie," nikasema, "ile nyama ya ubatizo, minye sikujua kama iko nzima. Niliapa bila kujua."

Kankindi aliacha kukata.

"Hata minye sijui," akasema. "Labda ni nyama, labda ni maji, labda masufuria yangu. Sikukukasirikia nyama, Sévère. Mutoto alikuwa anakufa, waganga wa Lemera wananiuliza alikula nini, na minye nilikuja kwako nipate cha kuwajibu. Weye ukanipa kiapo."

Nilitafuta hasira yangu ile ya kila siku, nikaikosa. Nikabaki namtazama mtoto. Élisabeth alikuwa ameinuka kwa vidole, anasoma herufi za wino pajani, moja moja, kama walivyomfundisha shuleni. Anne-Marie akasema wanachukua paja hilo hilo, lote, na nisiikate ile sehemu iliyoandikwa, maana mtoto hajagusa nyama tangu Pasaka na amesema atakula hiyo tu.

Nilishika kisu, nikalipima paja mara tatu nikihofia kuugusa wino, hata Kankindi akaninyang'anya, akakata yeye.