Mguu wa Kushoto wa Wifi

Anayesimama chini ya mnara wa watu haoni onyesho. Wengi hawalijui hilo. Wanadhani sisi wa chini tunafaidi kwa kuwa tuko karibu, kumbe shingo haiinuki: begani kuna mguu, juu ya mguu kuna mtu, na juu ya mtu huyo kuna mwingine. Kinachobaki ni kutazama mbele. Nimetazama mbele miaka minne, na nyuso za watazamaji nazijua kuliko ninavyojua michezo yetu wenyewe.

Tulikuwa watu wanne. Kaka yangu ndiye mkubwa wa kundi na ndiye mwenye maneno. Mkewe, wifi yangu, anasimama kati. Wa juu kabisa tunamwita Fundi Rangi, kwa sababu kabla ya kuja kwetu alikuwa akipaka rangi majengo marefu. Ana miaka arobaini na mbili, mwembamba kama fito, na haogopi kitu chochote kilicho chini yake. Wa nne ni mimi, dada mdogo wa kaka. Nilikuwa nabeba magunia ya unga kwenye kiwanda cha mikate, mpaka siku kaka aliponikuta napanda ngazi na magunia mawili akaniambia, "Mdogo wangu, hayo mabega unayachosha bure."

Mnara wetu unajengwa hivi. Mimi na kaka tunasimama bega kwa bega. Wifi anapanda juu yetu, mguu wa kulia kwenye bega la kaka, wa kushoto kwenye bega langu. Kisha Fundi anapanda juu ya mabega ya wifi. Kwa hiyo mguu wa kulia wa wifi ni wa mumewe, wa kushoto ni wangu. Fundi hupenda kusema kwamba wifi ameolewa nusu na kaka na nusu na mimi, na kwamba nusu yangu ndiyo yenye amani.

Sheria ni moja tu. Mtu wa chini akisema "tunashuka", watu wanashuka. Hakuna kuuliza kwa nini. Maswali yanangoja ardhini.

Mwaka ule ofisi ya sanaa ilitangaza kwamba inatafuta kazi mpya za kuchezwa barabarani, kazi ambazo hazijawahi kuonyeshwa popote. Kundi litakalochaguliwa lingepewa muda wa mazoezi, magodoro mapya ya kuangukia, vibali vya barabara na maonyesho kumi ya dakika ishirini mitaani. Sisi tulikuwa tumechoka kucheza kwenye uzinduzi wa maduka, ambako mwenye duka anakunong'oneza, "Fanyeni haraka, mnaziba mlango." Kaka alisema hii ikishindikana anauza magodoro na kurudi kwenye kazi ya vigae. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayesema mchana kutanyesha, ndiyo maana nikamwamini. Na mimi bila mnara ni magunia tu.

Wazo letu lilikuwa jepesi. Taa ya barabarani imekufa. Familia moja imechoka na giza, inajaribu kubadilisha balbu bila ngazi. Wanabishana, wanapandiana, mwisho balbu inaingia. Kaka alipolijaza kwenye fomu likawa zito, akaliwekea "muktadha" na "mustakabali" kila baada ya mstari. Siku mbili baadaye mratibu wa ofisi ile akapiga simu.

"Nimesoma kurasa zenu nne," akasema, "na bado sijui mnafanya nini. Njooni mnionyeshe."

Ndivyo tulivyopata nafasi ya majaribio: dakika kumi, barabarani, mbele ya wapita njia wa kweli. Makundi yalikuwa matatu na lingechukuliwa moja.

Sasa niseme kosa langu. Wiki ya mwisho nilimwona wifi akishuka ngazi za nyumbani kwa ubavu, kama kaa, mkono ukutani. Nikamuuliza.

"Msuli tu, wifi yangu."

"Msuli gani huo ulioko gotini?"

"Usimwambie kaka yako. Baada ya majaribio nitapumzika hata mwezi."

Nikanyamaza. Nilimtazama akipanda, nikamtazama akishuka, kila siku, na kila siku nikanyamaza.

Siku ya majaribio tulisimama kwenye barabara iliyo kati ya posta na duka la dawa, chini ya nguzo ambayo manispaa ilikwisha kuikatia umeme. Mratibu alikaa kwenye kigoda alichokuja nacho mwenyewe, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kamba. Kando yake alisimama mhandisi wa manispaa, amekunja mikono. Wapita njia walikuwa wakienda na mambo yao.

Tukaanza kupanda, kimya na kwa tabasamu, kama tulivyofundishwa kwamba msanii haonyeshi shida. Mimi nikatazama mbele. Mwanamume mwenye baiskeli iliyopakia trei za mayai akapunguza mwendo, akaangalia, akaendelea na safari. Vijana wawili wakatupiga picha, kisha wakainamia simu kuangalia ile picha, nasi tuko palepale mbele yao. Mama mwenye mfuko wa dawa akapita bila kugeuka. Fundi alikuwa ameshasimama juu. Nilimsikia akihesabu chini chini umbali wa balbu: shibiri tatu, shibiri mbili.

Ndipo kidole gumba cha wifi kilipobana bega langu. Akiwa sawa habani, mguu wake hulala begani kama mkono wa rafiki. Halafu kisigino kikaanza kutetemeka, taratibu, kama simu inayoita ndani ya mkoba.

"Shibiri moja," Fundi akasema.

Nikamwona mratibu ameshika kalamu. Nikaviona vigae. Nikajiambia sekunde tatu tu, balbu iingie, halafu. Kisigino kikaruka.

"Tunashuka," nikasema.

Kaka hakugeuka. "Bado kidogo tu," akasema kwa meno, tabasamu likiwa palepale.

"Kaka, tunashuka."

Tulishuka. Hatukuwa na tabasamu wala ukimya, kwa sababu kushuka na goti bovu katikati hakuchezwi kwa kukisia.

"Fundi, kaa begani kwanza," wifi akasema. "Taratibu. Usinivute."

"Mguu nauweka wapi?"

"Pajani kwa kaka," nikasema.

"Siyo hapo, hilo sikio langu," wifi akasema.

"Samahani, shemeji."

"Endelea. Nimekuona," kaka akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

Fundi akagusa ardhi. Ikabaki zamu ya wifi. Nikaweka kiganja chini ya unyayo wake wa kushoto, nikauchukua mguu wote, uzito wote.

"Siusikii huu mguu, wifi."

"Mimi nausikia. Njoo. Nimekushika."

Wakati huo wote nilikuwa nikitazama mbele, kwa mazoea. Yule wa mayai alikuwa amerudi. Ameegemeza baiskeli kifuani, mdomo wazi. Mama wa dawa ameweka mfuko chini. Wale vijana simu zao zilikuwa zimening'inia mikononi. Watu walikuwa wamejaa mpaka kwenye ngazi za posta na hakuna aliyeondoka. Nyayo za wifi zilipofika lami hakuna aliyepiga makofi. Watu walishusha pumzi tu, na mtu mmoja nyuma akasema, "Wamefika," kama kwamba tulikuwa safarini.

Balbu ilikuwa bado mfukoni mwa Fundi.

Tuliitwa ofisini, chumba chenye viti vya plastiki na birika linalochemka. Njiani kaka alitembea mbele peke yake. Tulipokaa, akakohoa akaanza.

"Mama mratibu, tunaomba radhi. Mdogo wangu mabega yalimchoka. Siku nyingine hayachoki."

Najua hakutaka kunionea. Alikuwa anatafuta sababu iliyo ndogo kuliko zote, na ndogo kuliko zote nilikuwa mimi.

Mratibu akanigeukia. "Ulichoka?"

Nikatazama viatu vyangu. Nikisema ndiyo, nimedanganya. Nikisema hapana, nimemuuza wifi, maana kundi gani linachaguliwa na goti bovu katikati? Birika likazima lenyewe. Nilikuwa bado natafuta neno wifi aliposema.

"Hajachoka. Ni goti langu. Limenikataa tangu wiki iliyopita. Yeye alijua, mimi nikamziba mdomo."

Kaka akamtazama mkewe kama mtu aliyeingia chumbani sasa hivi.

"Basi ahsante kwa kushuka," mhandisi akasema. "Mimi ningekuwa saa hizi naandika ripoti ya ajali, na mwandiko wangu mbaya."

Hakuna aliyecheka isipokuwa Fundi. Mratibu akavua miwani ikaning'inia kwenye kamba yake. Akaniuliza swali ambalo katika miaka minne hakuna aliyewahi kuniuliza.

"Wewe uliyekuwa unatazama mbele. Uliona nini?"

Nikamweleza. Nilieleza polepole, kwa sababu nilitaka liwe kweli. Nikasema tulipopanda watu walipita, hata yule mwenye mayai. Tuliposhuka walirudi. Tulipopanda tulikuwa tunawatabasamia wao, na tuliposhuka tulikuwa tunasemeshana sisi. Nadhani walibaki kwa sababu ya yale maneno, nikasema. Kila mmoja pale ana mtu aliyewahi kumwambia weka mguu hapa, nimekushika. Au alitamani awe naye.

"Si ndiyo wahenga walisema," Fundi akadakia, "kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Leo tumeipiga bila kujua."

Mratibu akaandika kitu, akakipigia mstari. "Mnaweza kutengeneza kazi ambayo sehemu kubwa ni kushuka? Mseme kwa sauti kama leo?"

"Na balbu?" kaka akauliza.

"Balbu iingie dakika ya tano. Dakika kumi na tano zilizobaki nataka kuona mnavyorudi chini."

Hakutuahidi kitu. Kulikuwa na kundi jingine kesho yake. Tulisubiri siku tisa. Kaka alianza kuyakung'uta vumbi magodoro, nasi tukajifanya hatujui anayaandaa kwa ajili gani. Barua ilipofika aliisoma akiwa amesimama jikoni, mara ya kwanza haraka kwa ajili yake, mara ya pili polepole kwa ajili yetu. Tumechaguliwa. Kulikuwa na sharti moja: hakuna atakayepanda bega la mtu mpaka mtaalamu wa viungo aseme goti limepona, na mtaalamu huyo ofisi itamleta. Wifi aliketi juu ya pipa la maji akafunika uso kwa kanga. Kaka akakunja barua, akaikunjua, akaikunja tena.

"Bega langu halikusikia kitu," akaniambia.

"Bega lako lilikuwa na mguu mzima."

"Hata hivyo. Nilikwambia bado kidogo. Sitasema tena neno hilo."

Hajalisema. Kila asubuhi ya mazoezi, kabla ya jambo lolote, ananiuliza, "Kushoto kuna habari gani?" na hatuanzi mpaka nimejibu.

Yale majuma nayakumbuka kama mtu anavyokumbuka chakula baada ya njaa. Mtaalamu wa viungo alimkanda wifi na kumfundisha kuchuchumaa upya kama mtoto. Kila Alhamisi mratibu alikuja na kigoda chake. Hakuwahi kutuambia fanyeni hivi. Alikaa, akatazama, na mara moja moja akasema, "Hapa mimi nimechoka, nyinyi je?" na sisi tukagundua kwamba hata sisi tulikuwa tumechoka hapo. Mhandisi alikuja kuipima nguzo. Akaning'inia hapo yeye mwenyewe, na tai yake shingoni, akashuka akasema inafaa.

Onyesho la kwanza lilikuwa alasiri, barabara ileile. Goti la wifi lilikuwa limepita vipimo vyote. Balbu ikaingia dakika ya tano, ikawaka kwa betri, watu wakapiga makofi na wengine wakaanza kuondoka. Ndipo Fundi, akiwa juu kabisa, akaangalia chini akasema kwa sauti ya kawaida, "Haya. Nani kati yetu alifikiria habari ya kushuka?"

Watu wakacheka, wakarudi. Tukaanza kusemeshana. Weka hapa. Siyo hapo. Fundi akiwa anapapasa kwa mguu, bibi mmoja mbele yangu hakuvumilia. "Kushoto, baba," akamwambia. "Kushoto kidogo." Mwingine akasema bado. Mwingine akasema sasa. Mpaka Fundi anafika chini barabara nzima ilikuwa inamwelekeza, na mimi nilikuwa naziona nyuso zao zote. Mguu wa wifi ulipokuja kiganjani mwangu ulikuwa mtulivu na wenye joto.

Baadaye, watu walipoanza kutawanyika, nilimfuata mratibu. Nilikuwa nimepanga maneno ya shukrani tangu juzi, maneno mazuri, mengine nimeyaazima kwa kaka. Nilimkuta ameinama, anajaribu kulikunja godoro kubwa peke yake.

"Mama," nikaanza.

"Shika kona hiyo," akasema.

Nikashika.