Mgongo wa Ella

Melania alimpandisha mwanawe juu ya meza, akamvua gauni mbele ya ukumbi mzima. Ella alikuwa na miaka minne. Ngozi yake ilikuwa bado na unga wa plasta ngumu ya jasi aliyokatwa kliniki asubuhi ileile kwa agizo la Leodgar, mratibu wa hafla ya kukabidhi misaada, mtu wa kucheka na wakubwa na kuwakunjia uso wadogo.

Plasta ile ilimkaa Ella kutoka kwapani hadi nyongani. Wanawake waanika dagaa mtaani kwao Katonga walimwita kobe, wakamuuliza Melania alimbebaje mtoto hata akapinda. Melania alikuwa akimfunika khanga juani kwa aibu. Lakini uti wa mgongo ulikuwa unarudi mahali pake. Daktari alisema sasa avalishwe koti gumu la plastiki, mchana na usiku, huenda akaepuka kisu. Asipolivaa, mgongo utapinda upya. Koti lenyewe lilikuwa pale mbele, limefungwa utepe, likimsubiri mgeni rasmi aje kulikabidhi.

Leodgar alimzunguka mtoto.

"Mama Ella, mbona amenyooka?"

"Ni plasta, baba. Imemsaidia."

"Sasa kamera itaona nini? Mheshimiwa amkabidhi koti mtoto mzima?" Akashusha sauti. "Kule kijijini Kagunga kuna mtoto mwingine. Kibiongo chake hakihitaji maelezo."

Koti lilikuwa limechongwa kwa vipimo vya Ella, lisingemfaa mtoto mwingine yeyote. Melania alilijua hilo. Leodgar naye alilijua, na bado alikuwa ameshika utepe wake kama anayetaka kuliondoa.

Melania alitamani kumshusha mtoto, amfunge mgongoni, aende zake. Akalitazama koti. Alijiona mchafu, kama vile yeye ndiye aliyevuliwa nguo.

"Inama kidogo upande, mwanangu."

Ella alimtazama. Kliniki walikuwa wakimsifu kila aliposimama wima.

"Hivyo sivyo, mama," alinong'ona.

"Leo ndivyo."

Mtoto akalegeza bega, akapinda. Mgeni rasmi akasogea, ameshavaa uso wa huruma. Watu wakaanza kupiga makofi.

"Bado," Leodgar alisema, akiutazama mgongo wa Ella.

Melania akaitabasamia kamera, akaweka kiganja ubavuni mwa mwanawe, akasukuma.