Wagonjwa Tisa Waliopona kwa Kalamu

Asubuhi ambayo wageni walitarajiwa, Mama Dozi aliifungua rejista ya kifua kikuu. Muuguzi huyu wagonjwa walimpa jina hilo kwa sababu ukiruka vidonge siku mbili tu, unamkuta mlangoni kwako. Lakini wapo tisa waliomshinda. Aliwatafuta mpaka soli za viatu zikaisha, kisha akaandika mbele ya kila mmoja: ametoroka.

Sasa neno hilo lilikuwa limefutwa kwa wino mweupe mara tisa. Juu yake palisomeka: amepona.

Mwandiko aliujua. Alimkuta mratibu wa wilaya uani, akinyoosha tai kwenye kioo cha gari.

"Bosi, nani kawaponya watu wangu?"

"Punguza sauti." Mratibu alitazama huku na huku. "Leo inapimwa nchi nzima, si kituo chako. Wafadhili wakiona tisa wamepotea hapa tu, watasema kazi imetushinda. Mashine ya kupima usugu wa dawa waliyotuahidi tutaisikia kwa majirani. Unataka hivyo?"

"Sitaki."

"Basi funga mdomo. Ni leo tu."

Kilichomuuma ni kwamba mratibu hakuwa mtu mbaya. Mwaka wa mafuriko alibeba maboksi ya dawa kichwani, maji yakimfika kifuani. Mama Dozi alirudi ndani.

Saa tatu ugeni uliingia: mkuu wa mpango wa taifa wa kifua kikuu, na daktari mgeni mwenye mvi aliyetumwa na wafadhili. Kiswahili chake alikizungumza polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Alipitisha kidole kwenye rejista. Kikafika penye wino mweupe, kikasimama.

"Huyu fundi cherehani amepona," alisema. "Naomba twende kumsalimia."

"Amehama, daktari," mratibu aliwahi. "Wengi hapa ni watu wa kuhamahama."

Fundi hakuhama. Wiki iliyopita tu Mama Dozi alisikia cherehani ikilia nyuma ya mlango wake, ikanyamaza alipobisha. Chumba kilikuwa kimoja, na ndani yake alilala pia binti wa miaka mitatu.

"Hajahama," alisema. "Wala hajapona. Wote tisa hawajapona."

Mkuu wa mpango aligeuka taratibu. Mratibu alikuwa ameinamisha macho kwenye viatu vyake.

"Nani aliandika hivi?" mkuu aliuliza.

"Mimi," mratibu alijibu.

Daktari mgeni hakumtazama. "Dada, kabla ya kufutwa, paliandikwa nini?"

"Wametoroka."

"Kwa nini walitoroka?"

Hapo ndipo Mama Dozi alipobanwa hasa. Angeweza kusema ni wakaidi, mambo yakaisha.

"Neno hilo niliandika mimi, na lenyewe ni uongo," alisema. "Dawa zilituishia wiki tatu. Walikuja, tukawarudisha mikono mitupu. Wakaja tena, tukawarudisha. Sisi ndio tuliowatoroka."

Mkuu wa mpango alifunga rejista. Kisha akachukua barakoa mezani. "Twendeni kwa fundi."

Mlango ulifunguliwa kidogo tu. Fundi alikuwa amekonda, shati likimning'inia mwilini.

"Mama Dozi, umeniletea polisi?"

"Nimekuletea daktari."

"Na dawa je? Maana mara ya mwisho ulinipa pole, na pole haimezwi kwa maji."

Nyuma ya fundi, gizani, mtoto alikohoa. Fundi aliuona uso wa muuguzi ukibadilika hata chini ya barakoa, naye ukali wote ukamtoka. "Ameanza juzi," alisema kwa kunong'ona. "Ingieni."

Sampuli za baba na mtoto zilichukuliwa hapo hapo uani. Mashine ya karibu ilikuwa mwendo wa saa sita kwa gari. Bila kuombwa, mratibu alilipakata boksi la baridi lenye sampuli hizo, akaondoka.

Majibu yalirudi baada ya siku mbili: baba na binti wote wanaumwa, na dawa za kawaida hazifui dafu kwao.

Daktari mgeni aliandika yote katika ripoti yake, wino mweupe na zile wiki tatu. Msaada haukukatwa. Mkuu alipigania bohari ya akiba ya dawa kabla ya kitu kingine, na mashine ikafuata baada ya miezi mitano. Mratibu alivuliwa cheo, akapelekwa kusimamia bohari hiyo hiyo. Mama Dozi naye alipata barua ya onyo kwa kumwaibisha mkubwa wake mbele ya wageni. Kati ya wale tisa, sita walirudi kwenye tiba. Wawili walikuwa wameshazikwa. Mmoja hajaonekana mpaka leo.

Binti wa fundi alinenepa upesi. Baba yake ndiye aliyesumbua. Vidonge vipya vilimtia kichefuchefu na ganzi ya miguu, na mwezi wa nne akavisukuma mbali.

"Nimechoka, dada yangu."

"Najua," alisema Mama Dozi, akavuta kigoda akaketi. "Sina pa kwenda leo."

Walikaa hivyo karibu saa nzima, mtoto akichezea vifungo sakafuni, mpaka fundi alipoomba maji ya kumezea.