Daktari Garrot

Emérence Kavuo alikuwa amebakiza mshono wa upande mmoja tu kwenye kiti cha pikipiki cha Muyisa pale aliponusa rangi. Kisha akasikia brashi ikikwaruza tofali za ukuta wake upande wa nje. Alishtuka, na sindano ikamchoma kidole gumba.

Alitoka mbio. Polisi mmoja alikuwa anamalizia msalaba mwekundu kando ya mlango. Nyuma yake alisimama Gustave, afisa wa kamisheni ya viwanja vya serikali, aliyetumwa Butembo kutoka Kasai miezi mitatu iliyopita, na ambaye hadi leo alikanyaga matope ya kata ya Mususa kwa viatu vya ngozi vya kwendea kanisani.

"Mama, uko na karatasi ya hii parcelle, hii kiwanja?"

"Iko."

"Bote banasema vile. Saa sita tunafunga bureau. Mwenye iko na karatasi, alete. Mwenye hana, lundi tunabomoa."

"Lundi, Jumatatu hii yenye inakuya?"

"Lundi hii. Hapa palikuwa haras, centre ya kuzalisha nyumbu. Ni mali ya État, ya serikali. État inarudia mu mali yake."

"Donc mutatuletea nyumbu, chef?" aliuliza Muyisa, aliyekuwa amekaa juu ya jiwe akingoja kiti chake.

Polisi alicheka. Gustave hakucheka. Mtaa mzima ulijua kitakacholetwa pale: saruji na mabati ya tajiri mmoja aliyetaka depo karibu na barabara, na ambaye gari lake lilikuwa limeegeshwa mara mbili wiki ile nje ya ofisi ya kina Gustave.

Mtaa wenyewe watu waliuita Ara, kutokana na ile haras, bila kujua hata wanasema Kifaransa. Zamani za Wabelgiji serikali ilileta pale madume ya punda kutoka Ulaya, wakubwa, wenye manyoya marefu, wapande farasi majike ili wazaliwe nyumbu wa kubeba mizigo katika milima hii. Fomu zilijazwa, hotuba zikasomwa. Wanyama wengi wakafa kwa magonjwa, malori yakaingia, na mradi ukaisha bila mtu kutangaza kwamba umeisha. Kilichobaki ni banda refu la matofali lenye vyumba vinane, kila chumba na pete yake ya chuma ukutani, pamoja na watu waliokuwa wakilifagia.

Maliro, babu yake Emérence, alikuwa mmoja wao. Alilisha punda na kushona hatamu zao. Mwanawe Phinées alishona mifuko ya shule kwa sindano ile ile iliyopinda, na Emérence, binti wa Phinées, anashona viti vya pikipiki. Kwenye pete ya chumba namba sita, alikofungwa punda, sasa wateja wanafunga pikipiki zao kwa mnyororo.

Chumba cha saba alikaa Anne-Marie, binamu yake aliyekimbia vita huko Mbau na watoto wanne. Alitoka, akautazama msalaba, akaugusa. Rangi ikabaki kidoleni.

"Yaya, dada yangu," alisema, "miye nilishakimbia mara mbili. Ya tatu nitabeba batoto niende nabo wapi?"

"Hapana kukimbia. Karatasi ya babu iko."

Aliisema kwa sauti ya kujiamini, na kweli alijiamini. Karatasi ilikuwa kwenye kopo la biskuti chini ya kitanda, ndani ya plastiki. Panya walikuwa wamekula sehemu ya juu kabla yeye hajazaliwa, lakini muhuri wa chini ulikuwa mzima, wa mwaka 1958, na maneno ya katikati familia nzima iliyajua kwa moyo. Phinées aliyasoma kila Krismasi baada ya misa, amesimama, kwa Kifaransa kwanza, kisha kwa lugha ya nyumbani: Maliro. Mwema, mwenye nguvu, mtiifu. *Taille au garrot*, kimo kwa Garrot: mita moja na sentimita arobaini na mbili. Miaka kumi na minane ya kazi. Anaruhusiwa kubaki chumba namba sita hadi kufa kwake.

Garrot alikuwa daktari, hilo lilijulikana. Daktari Garrot, Mbelgiji, ndiye aliyempima babu kimo. Watoto walikuwa wakisimama ukutani kwenye alama ya mita moja na arobaini na mbili na kucheka kwamba wamempita babu. Phinées peke yake ndiye hakucheka. Yeye alishikilia kwamba baba yake alikuwa mrefu, aliyeinama kila alipopita mlangoni. Wakamwambia kila baba ni mrefu machoni pa mtoto. Alikufa akibisha.

Saa nne na nusu. Muyisa alikifunga kiti kilichoshonwa nusu, Emérence akapanda nyuma na kopo mapajani. Walipita katikati ya malori yaliyotoka mpakani Kasindi yakishusha mizigo, Muyisa akipiga honi na kulaani bei ya petroli kwa pumzi moja. Mara mbili walisimamishwa. Mara ya pili mwanajeshi alitaka kujua kopo lina nini.

"Biskuti?"

"Nyumba yangu," alijibu Emérence.

Mwanajeshi alimtazama vizuri, akampungia mkono apite. "Likambo te, mama, hakuna shida."

Ofisini Gustave alikuwa amesharudi, na palikuwa na watu kumi na wanne mbele yake. Simone, sekretari, alikaa karibu na dirisha lenye kufuli, na kila baada ya mtu mmoja aliitazama saa ya ukutani. Emérence naye aliitazama. Mzee aliyekuwa mbele yake alitoka ameshika kofia kwa mikono miwili. Zilibaki dakika kumi na moja.

Gustave aliitoa karatasi kwenye plastiki kwa uangalifu, jambo lililomtia Emérence moyo. Aliisoma. Akaisoma tena, akaigeuza nyuma.

"Mama, nani alikusomea hii?"

"Papa yangu. Hata miye najua kusoma."

"Garrot ni nini?"

"Ni docteur. Njo yeye alipima babu."

Gustave alinyanyuka kidogo. Akaweka kiganja chake nyuma ya shingo, pale mabega yanapokutana, akapapiga mara mbili.

"Garrot njo hapa. Pa nyama mwenye miguu ine. Mutu habapimake ku garrot, mama. Banapima punda." Alimwonyesha upande wa nyuma, palipokuwa na mistari midogo ambayo Phinées aliiona kuwa mahesabu ya ofisi. "Ona: farasi jike, date, nyumbu moya. Farasi jike, date, nyumbu moya. Ni bale alipanda. Hii ni karatasi ya punda. Punda mwenye banaita Maliro."

Simone aliacha kuandika.

"Maliro ni jina ya babu yangu," alisema Emérence.

"Bazungu balipatia punda jina ya mutu mwenye alikuwa anaichunga. Balikuwa banacheza vile. Punda alizeeka, bakamuachia chumba mpaka afe. Chumba namba sita. Sawa vile banaandika hapa."

Masikio ya Emérence yaliwaka moto. Aliona Krismasi zote kwa mpigo, baba yake akiwa na suti, akisoma sifa za punda mbele ya wajukuu. Mwema, mwenye nguvu, mtiifu. Na hakuna hata mmoja aliyeshtuka, kwa sababu ndivyo Wazungu walivyowasifu watu pia. Aliona aibu, kisha akaionea hasira aibu yenyewe. Halafu kitu kingine kikamjia: babu hakuwa mfupi. Phinées alisema kweli miaka yote ile.

"Na babu yangu," aliuliza, "iko wapi mu hii karatasi?"

Gustave alitafuta kwa kidole. Alifika chini, karibu na muhuri, akasita kabla ya kusoma. "Matunzo: mwenyeji mmoja."

"Paka ile tu?"

"Paka ile."

Kisha Gustave akakumbuka saa, akasogeza fomu mezani. Juu yake palikuwa na namba iliyopigwa chapa, fomu moja kwa kila kiwanja.

"Punda haikuacha muriti. Batoto yake bote ni nyumbu, na nyumbu hazalake. Donc parcelle inarudia État. Hapa andika jina yako. Hapa, unakaa pale kama nani: andika 'bila haki.' Kisha tia kidole. Hata usipoandika, lundi inabakia lundi."

Emérence alishika kalamu. Akiandika, ukuta unaanguka. Asipoandika, unaanguka vilevile. Alimfikiria Anne-Marie na rangi kidoleni.

Akaandika jina lake lote. Kwenye mstari wa pili akaandika taratibu, herufi kubwa, kwa Kifaransa alichofundishwa shuleni na wala hajakisahau: MRITHI WA PUNDA MALIRO. Pembeni, ambapo hapakuwa na mstari wowote, akaongeza: Kimo changu mita 1.63, hadi kichwani. Akakibonyeza kidole gumba kwenye wino, kile kilichochomwa na sindano, akakigandamiza kwenye karatasi kwa nguvu zake zote.

"Hapana, mama! Nini hii?"

"Serikali ilipatia punda nyumba mpaka afe. Mutu wa kumulisha, haikumupatia kitu. Sasa miye niko ku upande ya punda. Andikieni bakubwa benu."

"Fomu hii inaenda Goma! Iko na numéro. Siwezi kuipasua. Batauliza."

"Baulize."

Gustave alimtazama Simone kana kwamba atasaidia. Simone alikuwa ameinama, bega moja likitikisika kwa kicheko. Kisha akaivuta fomu, akaigonga muhuri wa kupokelewa, tarehe na saa, akaitia kwenye faili pamoja na karatasi ya punda na zile fomu nyingine. Saa sita kamili. Akafunga dirisha.

Nje Muyisa alikuwa amekaa upande mmoja wa kiti, ule ulioshonwa.

"Balikubali, mama?"

"Punda, balimukubali," alisema Emérence. Alipanda nyuma, kopo likiwa tupu mapajani. "Ni sisi tunabakia kukubaliwa. Twende, nimalize kiti yako mbele lundi ifike."