Kila Sauti na Mwanzo Wake

Disketi tatu zilipangwa juu ya kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi, kila moja na kibandiko cha tawi lake: Kisii, Suneka, Nyamache. Abigael aliingiza ya kwanza kwenye kompyuta, ukurasa wa mauzo ukafunguka. Akaingiza ya pili, iliyopaswa kuonyesha bidhaa zilizomo katika bohari la Suneka. Ukafunguka ukurasa ule ule wa mauzo. Aliingiza ya tatu, na mauzo yakamkodolea macho tena.

"Mimi naona programu moja mara tatu," alisema mzee Hasmukh, mwenye duka, kwa upole uliomchoma Abigael kuliko kelele.

"Zote zimo, mzee. Zimo humo ndani."

"Ziko ndani, na mimi niko nje."

Viral, mwanawe Hasmukh, hakucheka. Tangu mwanzo alikuwa amemshauri binti huyu aandike programu ya Kisii, ainakili mara mbili, kisha abadilishe panapobadilishika. Abigael alikataa katakata. Msumari wa Kisii ni msumari wa Suneka, alisema, na kosa likirekebishwa mahali pamoja lazima lirekebike kote. Java, lugha mpya ya kompyuta aliyojifunza kwa kubanana na kitabu kimoja kilichochakaa, ilimruhusu kufanya hivyo: mradi mmoja, na kutoka humo vifurushi vitatu, kila kimoja kikijiendesha chenyewe. Kisii wangepata mauzo, Suneka bohari, na Nyamache maagizo ya mbolea. Hakumjua mtu mwingine mjini aliyewahi kujaribu jambo hilo mwaka ule wa 1999, na tusimsingizie unyenyekevu: alijivuna, tena alijivuna kwa sauti.

Sasa sauti ilimkauka. Kabla ya kuzifungasha, kila sehemu ilifunguka vizuri. Zilipoingia kwenye vifurushi tu, zote zikawa mauzo. Alikuwa amepitia msimbo wa programu yake tangu asubuhi, mstari kwa mstari, asione kasoro.

"Keshokutwa ni sikukuu ya Diwali," alisema Manju, mkewe Hasmukh, akipanga vitaa vya udongo kwenye sinia. "Kitu tunachoweka mbele ya Lakshmi, mungu wetu wa mali, siku hiyo, hicho ndicho tunafanyia kazi mwaka mzima. Baba ya huyu mzee aliweka vitabu vya hesabu. Yeye alitaka kuweka kazi yako."

"Na isipokuwa tayari, mama?"

"Tutaweka vitabu. Mwaka ujao tutaangalia tena."

Mwaka ujao. Kompyuta ingefunikwa kitambaa, naye angerudia kazi ya kuchuma chai kwao Nyamache, akiulizwa na majirani, kwa ile huruma yenye udadisi, kazi yake ya mashine iliishia wapi.

"Kaa tumalize leo," alisema Viral. "Nitakupeleka nyumbani kwa gari."

Abigael alitazama nje. Jua lilikuwa limeshashuka hadi kwenye paa za maduka ya ng'ambo. "Siwezi. Leo Ijumaa, Sabato inaingia."

Viral alifungua kinywa, lakini baba yake alimtangulia. Hasmukh naye alikuwa mtu wa kushika siku zake. "Nenda," alisema. "Jumapili asubuhi mimi mwenyewe nitakufungulia mlango." Imani hiyo ilimlemea Abigael njia nzima.

Kesho yake kanisani, baba yake, mzee Angwenyi, alisimama mbele ya kwaya kama kawaida. Kanisa lile halikuwa na kinanda. Kabla ya kila wimbo, Angwenyi aliigeukia sauti moja baada ya nyingine na kuinong'onezea noti yake ya kuanzia: ya kwanza, ya pili, kisha wanaume nyuma. Ndipo angeinua mkono.

Lakini siku hiyo macho yake yaliangukia uso wa bintiye katika safu ya sauti ya pili, uso uliokuwa kama wa mfiwa, akababaika. Alitoa noti ya sauti ya kwanza, akainua mkono papo hapo. Kwaya nzima, hadi wanaume wenye vifua vipana, ikaingia kwa sauti ya kwanza na kukwama juu huko. Mabenchi ya nyuma yakacheka chini kwa chini.

"Nimewapa nini?" aliuliza Angwenyi.

"Umetupa moja sisi sote, Tata," alijibu Abigael, na maneno yakamrudia kabla hajafunga mdomo.

Ndani ya kila kifurushi huwa mna maelezo mafupi yanayoiambia kompyuta ianzie wapi. Yeye aliyaandika mara moja, kwa ajili ya Kisii, akayatia katika vifurushi vyote vitatu. Msimbo haukuwa na kosa. Kila kifurushi kilibeba wimbo mzima, ila vyote vilikuwa vimepewa noti moja. Yeye aliyekataa kunakili alikuwa amenakili kitu kimoja tu, na ndicho hicho.

Aliona haya kuifikiria kazi mahali pale, lakini furaha haikuomba ruhusa. Kwaya ilipopewa noti upya, aliimba hadi jirani yake akamgusa kiwiko.

Wakati wa chakula baba yake alimkazia macho. "Ule uso wa asubuhi umeenda wapi?"

"Nitakuambia jua likizama, Tata."

"Basi ni kazi."

"Ni kazi."

Angwenyi alimwongezea ndizi kwenye sahani, akaendelea kula.

Jumapili, Hasmukh alifungua mlango kama alivyoahidi. Vitabu vipya vyenye majalada mekundu vilikuwa vimewekwa tayari juu ya kiti, endapo mambo yangeharibika. Abigael aliandika maelezo matatu, kila kifurushi na ya kwake, akafungasha upya. Kisii ikafungua mauzo. Suneka ikafungua bohari. Nyamache ikafungua maagizo ya mbolea. Viral alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mradi mmoja," alisema, akampa mkono. Hasmukh alikwenda kuvirudisha vitabu kabatini.

Disketi zilipowekwa mbele ya Lakshmi, Abigael alisimama kando familia ikisali. Manju alitia kitone chekundu cha baraka kwenye kila kibandiko, na alipogeuka alimwona mzee mmoja mlangoni, kofia mkononi, viatu vimejaa matope ya Nyamache.

"Karibu, mzee. Unatafuta nini?"

"Sinunui, mama," alisema Angwenyi. "Nimekuja kuona kazi ya mtoto wangu."

Walimpa kiti. Aliziangalia disketi moja moja. "Ipi ni yako?"

"Zote, Tata. Ni kazi moja."

"Hebu zifungue tena. Polepole."

Abigael alishika disketi ya kwanza. Kabla hajaiingiza, alisikia nyuma yake baba yake akivuma noti ya kuanzia, chini kwa chini, kisha akanyamaza kumsubiri.