Saini ya Angelika

Mnunuzi alikuwa ameshapima madirisha kwa ajili ya mapazia yake. Séphora alikuwa jikoni, anafunga sahani kwenye magazeti na kuzipanga katika maboksi, simu ilipoita. Mwanamke wa kampuni inayochunguza hati za nyumba alimwambia kwa sauti ya upole kwamba mauzo yamesimama. Nyumba yao ya Reynoldsburg, Ohio, ilikuwa bado na mtu mwingine mwenye haki ndani yake. Mtu huyo aliitwa Angelika Bagula.

"Hapa hakuna Angelika," Séphora alisema.

"Ni mke wa yule aliyewauzia, mama, anaishi Louisville. Hakusaini."

Séphora alikata simu, akabaki ameshika sahani mkononi. Aliyewauzia nyumba alikuwa Zéphyrin Bagula, shemasi wa kanisa lao, mtu wa Bukavu kama wao. Alikuwa anahamia Buffalo, na aliwaambia hana mke. Siku ya kupatana alikaa kwenye meza yao, akala bugali na sombe yao ya majani ya muhogo mpaka akafungua kifungo cha suruali. Séphora ndiye aliyetaka wakili, avoka kwa lugha ya kwao. Wenzake katika nyumba ya wazee alikofanya kazi walikuwa wamemwonya: usinunue nyumba bila mtu wa sheria upande wako.

Zéphyrin alicheka, akamwita kwa jina la mwanawe. "Mama Elie, avoka ni ya bantu benye kuogopana. Sisi ni bandugu."

Na Zihindula, mume wake, akamgeukia mbele ya mgeni na kusema, "Lete maji, tafadhali. Haya ni mambo ya wanaume."

Alileta maji. Jambo hilo ndilo lililokuwa likimchoma sasa kuliko mengine yote.

Zihindula aliporudi kutoka kazini ghalani, bado amevaa viatu vyake vya kazi vyenye ncha ya chuma, alimkuta mkewe amesimama mlangoni.

"Bwana wako Zéphyrin ana mke," Séphora alisema.

"Zéphyrin gani? Mke gani?"

"Ule ndugu yako! Tena mke mzima, yuko Louisville. Nyumba haiuziki mpaka asaini. Uliniambia nilete maji, Zihindula. Nilileta. Sasa wewe lete mke wa Zéphyrin!"

Zihindula alikaa chini bila kuvua viatu. Sebuleni mama yake alikohoa. Ndiye aliyewafanya wauze: alikuwa amefika kutoka Bujumbura na magoti mabovu, hawezi ngazi, analala hapo chini kwenye godoro. Walikuwa wameshapata nyumba isiyo na ghorofa.

Walimpigia Zéphyrin. Hakupokea. Walipiga tena, na tena, hadi akapokea.

"Bon, Angelika?" alisema kama mtu anayekumbuka jambo dogo. "Ile ilikwishaka zamani. Mumwambie asaini tu."

"Mliachana mahakamani?" Séphora aliuliza.

"Donc, mama, mahakama ya nini? Kila mtu alishika njia yake."

Kesho yake walikwenda kwa Witness, wakili Mtanzania mwenye ofisi juu ya duka la vitambaa, mashariki ya Columbus. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye miwani kwenye paji la uso, asiyependa maneno mengi.

"Dada Séphora, shemeji, sheria ya Ohio iko hivi," alisema. "Mke ana haki katika nyumba ya mumewe hata kama jina lake halimo kwenye hati. Nyumba ikiuzwa, lazima asaini kwamba anaiacha haki hiyo. Alipowauzia, Zéphyrin aliandika kwamba hana mke. Lakini alipokopa benki hapo mwanzo, mke alisaini naye. Jina lake limebaki huko."

"Wewe ungegundua?" Zihindula aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ningegundua asubuhi ya kwanza. Hiyo ndiyo kazi."

Séphora hakumtazama mumewe. Aliogopa kwamba akimtazama atampiga, mbele ya wakili.

Witness alisema ataandika barua, na ikishindikana ataenda mahakamani, lakini mahakama haina haraka. Séphora akasema yeye mwenyewe atakwenda Louisville. Witness aliteremsha miwani, akamwandikia anwani.

"Nenda uzungumze naye. Usimpe karatasi yoyote asaini. Yeye naye anastahili wakili wake."

Jumamosi Séphora aliendesha peke yake, akapita Cincinnati bila kusimama hata kwa chai. Njia nzima alikuwa akipanga maneno. Atamuuliza huyo Angelika alikuwa wapi miaka yote. Atamuuliza anataka nini. Alijua jibu, au alidhani anajua: ni mke wa tapeli, wamepanga pamoja, mmoja anauza na mwingine anangoja.

Angelika aliishi Newburg, mtaa mmoja wa Louisville, ghorofa ya chini, katika safu ya majengo ya matofali. Alifungua mlango akiwa bado na sare ya kiwanda na wavu wa nywele kichwani. Alikuwa mdogo kuliko Séphora alivyotazamia. Nyuma yake binti yake, Chimène, aliuliza kwa Kiingereza ni nani, na mama akamwambia aende chumbani.

"Mimi ni Séphora. Nilinunua nyumba ya Reynoldsburg kwa mume wako."

Angelika alivua wavu wa nywele. "Nyumba gani? Ile nyumba benki iliichukua."

"Nani alisema?"

"Zéphyrin. Alinituma huku kwa dada yake nikamate kazi, eti benki imechukua nyumba, atanifuata akipata nafasi. Halafu akapotea." Alishika ukingo wa mlango. "Alikuuzia? Ile yenye jiko la vigae vya kijani? Vile vigae nilibandika mimi. Niko na mimba ya Chimène, nimepiga magoti chini."

Maneno yote aliyoyapanga Séphora njiani yalimtoka kichwani. Alikuwa amefuta vigae vile kila siku. Aliingia, akakaa bila kukaribishwa, na kwa muda wote wawili walipandishiana sauti, kila mmoja akimlaumu mwenzake kwa kosa la mtu ambaye hakuwepo.

"Sisaini!" Angelika alisema. "Mulikaa mu nyumba yangu, mukalala, mukapika, mimi ninalipa chumba hapa! Sisaini kitu!"

"Na mimi nilijua? Nililipa nyumba nzima, mama mukwe wangu analala chini kama mgeni wa msiba!"

Séphora alichomoa simu, akapiga, akaweka sauti kubwa. Safari hii Zéphyrin alipokea mara moja, lakini alinong'ona.

"Mama Elie, nitakupigia nyuma. Niko kwa avoka."

"Avoka wa nini?"

"Ninanunua nyumba huku. Buffalo kila mtu anakuwa na avoka wake, huwezi kununua hivi hivi."

Ndipo Angelika akaichukua simu mkononi mwa Séphora.

"Zéphyrin."

Aliisogeza simu karibu na mdomo.

"Mwambie huyo avoka una mke. Mwambie, ama nitamwambia mimi."

Simu ilikatika. Angelika aliitazama kama anataka kuitupa ukutani, kisha akamrudishia mwenyewe. Hakuna aliyelia. Baadaye kidogo alikwenda jikoni, akarudi na chai, na wakainywa wakiwa bado wamekunja nyuso.

"Nitasaini," alisema mwishoni. "Lakini si kwa kumsaidia. Na si kabla hajanipa haki yangu."

"Tafuta wakili," Séphora alimwambia. "Wako mwenyewe. Usimsikilize mtu akikuambia sisi ni bandugu."

Angelika alipata wakili katika ofisi ya msaada wa sheria hapo Louisville. Huyo na Witness walimwandikia wakili wa Buffalo, na wakili wa Buffalo, ambaye naye alikuwa ameambiwa kwamba mteja wake hana mke, alisimamisha ununuzi palepale. Zéphyrin alipiga simu Reynoldsburg akilia, akitukana, akiomba, yote katika simu moja. Alisema wanawake wawili wanamvunjia maisha. Zihindula ndiye aliyepokea. Séphora alimsikia akisema, "Usipige tena hapa. Ukitaka kitu, ongea na wakili wetu." Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema neno hilo, wakili wetu, na alilisema kwa aibu.

Mnunuzi wa kwanza hakungoja. Alichukua vipimo vya mapazia yake akaenda kwingine, na ile nyumba isiyo na ghorofa ikanunuliwa na watu wengine. Mama mkwe alipitisha majira yote ya baridi kwenye godoro la sebuleni. Akiba ambayo Zéphyrin aliiweka kwa nyumba ya Buffalo ndiyo iliyomlipa Angelika sehemu yake, na talaka ikapita mahakamani. Hapo ndipo Angelika aliposaini. Alikuja Columbus kwa basi, akasaini mbele ya Witness, akakataa kuja kuiona nyumba.

"Nikiiona nitabomoa ukuta," alisema.

Nyumba ilipouzwa hatimaye, walinunua nyingine, ya chini, si mbali. Witness alisoma kila ukurasa wa mkataba na kumfanya muuzaji ajibu maswali mpaka akakasirika. Zihindula alikaa kimya wakati wote, na mkewe ndiye aliyeuliza.

Kabla ya Pasaka mzee wa kanisa, Karekezi, alimpigia Séphora simu. Zéphyrin alikuwa ameomba wazee wawapatanishe. Kanisa ni familia moja, mzee alisema. Si vizuri kuweka kinyongo.

"Mzee, ninakuheshimu," Séphora alisema. "Akuje. Asimame mbele ya bantu bote, aseme alimfanya nini Angelika, na alitufanya nini sisi. Akimaliza, tutaongea mambo ya kusamehe."

"Atapata haya sana, mama."

"Njo vile," Séphora alisema. "Apate."

Zéphyrin hakuja.